Doa la Bibo

Damu usiipe maji ya moto, utaipika.
Maji baridi, chumvi kidogo, na subira;
ukandamize kwa kitambaa cheupe, usisugue,
uanze ukingoni uje katikati
kama mtu anayemzungukia kuku wa kumkamata.
Mkojo wa mtoto, siki. Kisha magadi,
yakae hadi adhuhuri, maana harufu ya mkojo
ina tabia ya kuondoka na kurudi na mawingu.
Matapishi, kijiko kwanza.
Uji wa ulezi uache ukauke, upukutike wenyewe.

Hayo nayajua. Chuno nzima inajua kwamba nayajua.
Mama Sijaona aliniletea zulia lake la harusi
limebebwa na vijana wawili kama mgonjwa;
likarudi kwao kwa miguu yake.

Langu lina rangi ya maziwa, maua mekundu pembeni.
Nililinunua mwaka ule korosho zilipopanda bei,
baba akanitumia fungu langu kutoka Kitangari
na ujumbe wa maneno matatu:
Usinunue vyombo tena.
Nikanunua zulia.

Mwezi wa kumi akaja mwenyewe, basi la asubuhi,
kikapu cha mabibo mapajani, mekundu na ya manjano,
zawadi ya wajukuu, ambao walitaka biskuti.
Mikono yake siku hizi ina safari zake.
Alitaka kumwonyesha Shamte
namna ya kuing'oa korosho kwa mnyongo mmoja.
Korosho ikang'oka.
Bibo nalo likamponyoka, likapasukia juu ya maziwa yangu.

"Ni maji tu, baba," nikasema.
Bibo si maji. Kila aliyekulia kusini
ana nguo moja ya kushindia inayolijua hilo.

Usiku nikasikia: shwa, shwa, shwa.
Baba, sebuleni, bila kuwasha taa,
amepiga magoti na kikombe kimoja.
Bomba liko hatua nne kutoka pale, linatoa maji;
lakini mtu aliyelelewa juu kule Umakondeni,
ambaye mama yake alishuka bondeni alfajiri
akapanda na ndoo jua likiwa utosini,
hawezi kuimwagia sakafu ndoo nzima.
Kikombe kimoja. Na maji yenyewe ya moto,
ya chupa ya chai: niliusikia mfuniko ukilia.
Akasugua. Kila ninachokikataza alikifanya,
kutoka katikati kwenda nje,
kwa kofia yake ya Ijumaa.

"Kamwambie," Likwata akaninong'oneza.
Nikamkanyaga mguu chini ya shuka,
nikafumba macho kwa nguvu
kama mtoto anayejifanya amelala.

Asubuhi meza ilikuwa imehama.
Baba, kichwa wazi, anakunywa chai:
"Nimeisogeza. Hapa inapata upepo."
Meza inapata upepo!
"Kweli, baba. Ilikuwa inakosa hewa."
Makochi yakaifuata meza, runinga ikayafuata makochi,
na hadi leo wageni wetu hukaa upande upande
kama waliogombana.

Marehemu mama alikuwa akisema doa la bibo
hutoka lenyewe msimu wa mabibo ukiisha.
Nikangoja. Mwezi wa pili nikaisogeza meza.

Halikutoka. Limekuwa rangi ya chai kavu,
na kulizunguka nyuzi zimelala zote upande mmoja,
duara, upana wa kiganja na kidogo zaidi,
pale mkono ulipokuwa ukizunguka na kutetemeka.
Ndoo nimekwisha kujaza. Siki ipo. Magadi yapo.
Kitambaa cheupe nimekishika.

Simu ikalia.
Baada ya salamu, na mvua, na bei ya salfa ya mikorosho,
akakohoa kidogo.
"Na lile zulia, linaendeleaje?"
"Zulia gani, baba?"
Kimya. Kisha nikamsikia akicheka puani.
"Haya. Na meza?"
"Meza haijambo. Inapata upepo."

Maji ya ndoo sikuyamwaga.
Tuliyaoga.